Mwaka Niliomshushia Daktari Igoki Pikipiki

Tulimzika Fundi Nyaga kwao Kibugu, siku ya baridi ambayo, bila kuongeza chumvi, chai iliganda kati ya kikombe na mdomo. Ukungu ulikuwa umemeza mashamba ya majani chai, na mchungaji akawa anahubiria watu ambao hakuwaona zaidi ya safu ya tatu. Mimi nilipewa kipaza sauti mapema. Watu wa upande huu wananijua: ukitaka waombolezaji wapumue kidogo, mpe yule Mmeru. Nikawaambia jinsi marehemu alivyowahi kufufua pikipiki iliyolaliwa na kuku miaka saba, bila kugusa plagi, kwa kuitukana tu mpaka ikaona aibu ikanguruma. Walicheka, hata mjane alicheka, nami nikarudi kwenye kiti changu nimejaa upepo kama tyubu. Ndipo aliposimama mwanamke mfupi wa makamo, skafu ya zambarau kichwani, mkono wa kushoto ukiwa umekakamaa kwenye kifundo. "Mimi ni Igoki," akasema. "Wengine mnanikumbuka kama daktari wa mbuzi kule Siakago. Nimekuja kushukuru. Fundi Nyaga, kwa mdomo wa kijana wake, aliniambia ukweli ambao hata mama yangu hakuthubutu: kwamba mwili wangu na pikipiki haviwezi kuelewana. Nilikuwa mkaidi, nikaanguka, nikaelewa. Si kila mtu hupata bahati ya kuambiwa wazi." Watu wakampigia makofi. Akaniona pale nilipokaa, akaniinamishia kichwa kwa heshima. Mimi ndiye huyo kijana. Na katika hayo yote aliyoyasema, hakukuwa na ukweli hata wa kujaza kijiko.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimeteremka kutoka Githongo kwenye kahawa na mvua hadi Siakago kwenye jua ambalo lingeweza kukaanga yai juu ya tangi la mafuta. Nasema hivi kwa sababu nilijaribu. Nilipanga chumba nyuma ya bucha ya mzee mmoja Mwislamu tuliyemwita Babu Hamisi, chumba cha mabati chenye kitanda, ndoo, na dirisha la ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Kila asubuhi niliamshwa na shoka lake likigawa mbavu, na kupitia ukuta nilisikia habari zote za tarafa kabla chifu hajazisikia: nani ameuza ng'ombe wa mkwe, nani amehama kanisa kwa sababu ya kwaya. Jioni Babu Hamisi alinipitishia mifupa ya supu na chapati moja ngumu, akisema, "Kula, Mmeru, usije ukafia kwangu wakasema nyama yangu ndiyo." Mchana gereji nzima ilikula kwa sufuria moja, mahindi na mbaazi, tukiwa tumekaa kwenye benchi la mbao mbele ya kibanda cha Fundi Nyaga. Benchi hilo lilikuwa bunge. Waendesha pikipiki walikaa hapo wakitafuna majani ya muguka na kunicheka kwamba Mmeru aliyeacha miraa ya kwao akala muguka ya Mbeere amebadilisha dini. Niliwajibu kwa hadithi. Wakati huo sikuwa nimesoma. Shule ya ngumbaru nilikuja kuingia baadaye, nikiwa baba wa watoto wawili, nikamaliza masomo ya jioni na cheti ninacho ukutani. Lakini mdomo nilikuwa nao tayari. Mdomo ulikuwa spana yangu ya kwanza.

Daktari Igoki alikuwa ametumwa Siakago kuchanja mifugo. Kazi ilimpa pikipiki ya kupandia milima, ndefu kama twiga aliyesimama kwenye kiti. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi. Mimi husema futi nne, yeye alisema tano, tukubaliane popote hapo katikati. Akisimama njiani miguu haikufika chini, kwa hiyo hakuwa na uwezo wa kusimama popote tu: ilimbidi atafute kichuguu au jiwe, asogeze pikipiki ubavuni mwake, akanyage. Mji mzima ulimjua kwa hilo. Ukimwona anapita polepole akiangalia kando ya barabara, mtu kwenye benchi angepaza sauti, "Daktari anatafuta kichuguu!" na bunge lote linaanguka. Wenye mbuzi hawakucheka. Kule chini kwenye maboma ya mbali hakuna mwingine aliyewafikia. Alikuwa akiwajua mbuzi wao kwa majina, na akifika alikaa kwenye kigoda akanywa uji wao kabla hajafungua kisanduku chake cha barafu chenye chanjo.

Basi asubuhi moja akaja gereji akisukuma ile twiga kwa mikono, na kisanduku cha karatasi kimefungwa nyuma kwa mpira. Fundi Nyaga alikuwa amekwenda Kibugu kumuuguza mkewe, angekaa huko miezi miwili, na gereji alikuwa ameniachia mimi. Kabla hajaondoka alikuwa amemshushia Daktari pikipiki upande wa nyuma, ipungue kimo; mbele kulikuwa kunangoja springi ziagizwe kutoka Nairobi. Daktari akaegemeza pikipiki, akafuta jasho, akasema, "Fundi, nataka unishushie mbele."

"Mbele wapi, Daktari?" nikamuuliza. "Wewe leo ni abiria?"

Benchi likalipuka. Mmoja akadakia, "Mshushe hapo sokoni, kuna kichuguu!" Yeye mwenyewe akatabasamu, lakini hakuondoa macho kwangu. "Sikiliza, kijana. Sitaki kutafuta kichuguu tena. Nataka nisimame mahali ninapotaka mimi, nikanyage chini kama mtu. Hilo tu." Akanipa kisanduku. Ndani kulikuwa na springi mbili mpya, zinang'aa kwa mafuta, fupi kuliko zile za kiwanda kwa vidole vitatu. Kulikuwa pia na karatasi ya Kiingereza. "Utaweza kusoma?" akauliza. Nikamwambia nimezaliwa nikisoma.

Kwa asiyejua, pikipiki husimama mbele kwa bomba mbili, moja kila upande wa gurudumu, tunaziita foki, na kila bomba lina springi ndani iliyooga kwenye oili. Ukitaka kushusha mbele unafungua kifuniko cha juu, unatoa springi ndefu, unamimina oili mpya kwa kipimo kilekile kila upande, unaingiza fupi. Springi ni jozi. Nikitaka kujitetea ningesema karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na kwa miaka mingi nimejitetea hivyo kichwani. Lakini karatasi ile ilikuwa na mchoro: bomba mbili, springi mbili, na mshale kutoka kila springi hadi kwenye bomba lake. Mbuzi wa Daktari wangeielewa.

Tatizo langu lilikuwa msichana anaitwa Makena, Githongo, aliyeuza vitambaa mkabala na kituo cha kahawa. Nami nilikuwa na pikipiki yangu mwenyewe, kuukuu, niliyoiunganisha kutoka mizoga minne, na mwaka ule fasheni ya vijana ilikuwa kuinamisha pikipiki mbele, ionekane kama inataka kuruka. Bomba zake zilikuwa sawa kabisa na zile za Daktari. Nikazitazama zile springi mbili juu ya gunia nusu saa nzima. Kisha nikazigawa kama mtu anayekata mkate: moja yake, moja yangu. Upande wa kulia wa pikipiki ya Daktari nikatia springi mpya. Upande wa kushoto nikachukua ile yake ya zamani nikaikata kwa gurudumu la kusagia, vidole vitatu, nikairudisha ndani. Yangu nikaifanya vivyo hivyo. Nilijiambia kwamba springi ni springi. Na ili dhamiri yangu ishibe, stendi ya Daktari niliikata kwa ustadi ambao sijaurudia tena maishani, nikaichomelea mguu mpya, maana pikipiki ikishuka na stendi ikabaki ndefu, itasimama wima na kuangukia upande mwingine. Stendi ile ilikuwa kazi safi. Hata leo naweza kuisifu. Ndiyo sehemu pekee ya kazi ile iliyoonekana kwa macho.

Alipokuja kuichukua alipanda bila jiwe, bila kichuguu. Akaweka miguu yote miwili chini, soli nzima, akabaki hapo. Sijawahi kuona mtu akifurahia mavumbi namna ile. Akakanyaga kulia, akakanyaga kushoto, akacheka peke yake, akasema, "Ai, kumbe chini ni karibu hivi!" Nami Jumamosi hiyo nikapanda yangu nikaenda Githongo. Kuanzia Chuka mkono wa kulia ulianza kuniuma, kwa sababu pikipiki ilikuwa ikinivuta kushoto, taratibu, bila kuchoka, kama mtoto anayekuvuta kuelekea duka la peremende. Nikifunga breki, mbele ilizama na kugeuza pua. Nilifika Githongo nimekakamaa bega. Makena akaitazama, akaizunguka mara moja, akaniuliza, "Mbona imeinama hivi kama ng'ombe anayekunywa maji?" Hapo ndipo mapenzi yalipoishia. Nilirudi Siakago nikiwa najua vizuri kabisa nilichokifanya. Nataka hili lieleweke. Nilijua kwa mkono wangu mwenyewe, kilomita mia na zaidi kwenda na nyingine kurudi.

Siku tatu baadaye Daktari akarudi. Ilikuwa saa ya chakula, benchi limejaa, Babu Hamisi naye ametoka buchani na kikombe chake. "Fundi," Daktari akasema, "inanivuta kushoto. Na nikishika breki inainama sana." Nikaweka sahani chini. Nikaipanda mbele ya watu wote, nikazunguka soko mara moja, na kabla sijafika kwenye kona ya posho mili, pale pa kusagia unga, nikaisikia, mkono uleule, mvuto uleule. Nilikuwa na muda wa kutosha kurudi na kusema: Daktari, niachie mpaka kesho. Maneno manne. Angeniachia bila kuuliza. Lakini nilipokata kona nikaliona lile benchi, nyuso zote zimenigeukia zikisubiri, na mdomo wangu ukanitangulia.

"Daktari," nikasema huku nikishuka, "pikipiki ni nzima kama yai. Ni wewe unakaa upande. Mtu mfupi akipanda, makalio yake hutafuta chini yenyewe, lazima yateremke upande mmoja. Springi haiwezi kushindana na makalio."

Sitaeleza jinsi walivyocheka. Mmoja alianguka kutoka kwenye benchi, na hapo siongezi hata nukta. Daktari alicheka pia, kidogo, akajitazama upande wa kushoto wa mwili wake kama mtu aliyeambiwa ana doa kwenye nguo. "Kweli?" akaniuliza, kwa sauti ya chini.

"Kweli kabisa."

Babu Hamisi peke yake hakucheka. Alimaliza chai yake akasema, "Wewe Mmeru, una maneno mengi," akarudi ndani. Nilifikiri ananisifu.

Kilichofuata kinaniuma kuliko kuanguka kwenyewe. Aliniamini. Kila asubuhi kabla ya kazi alikwenda kwenye uwanja ulio karibu na ofisi ya chifu akawa anajifunza kukaa. Nilikuwa nikimwona nikienda kuchota maji. Anasogea kulia kwenye kiti, anazunguka, anasimama, anasogea tena. Akahamishia kisanduku cha chanjo upande wa kulia. Kisha wiki moja baadaye nikaona ametia jiwe ndani ya mfuko wa kulia wa kile kiti, jiwe la ukubwa wa kiazi kikuu, ili limsaidie kuusawazisha mwili wake. Mtu amesomea ng'ombe miaka mitatu chuoni, anabeba jiwe kwa sababu mimi nilitaka kuchekesha watu wanaokula mbaazi. Alipopita gerejini alipunga mkono. "Naendelea vizuri, fundi! Leo imevuta kidogo tu!" Nami nikapunga. Nikamwambia akaze mgongo.

Alianguka kwenye mteremko wa kijito kikavu, akienda kwenye boma la mzee aliyekuwa na mbuzi wenye homa. Mchanga pale ni mwingi. Alishika breki, mbele ikazama, ikageuka kushoto, ikamtupa. Mzee mwenyewe ndiye aliyemkuta na kumleta kwa mkokoteni wa punda. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivunjika mahali pawili. Nilingoja siku nne kabla sijaenda kumwona. Alikuwa amepanga nyumba ya chumba kimoja, safi mno, kitambaa cheupe kimefunika redio, kalenda ya dawa za mifugo ukutani, na mkono wake ukiwa kwenye plasta juu ya mto kama mgeni aliyelazwa. Nilimpelekea ndizi mbivu. Akaniamuru nikae, akanitengenezea chai kwa mkono mmoja, akakataa kabisa nimsaidie, akanipa mandazi mawili kwenye sahani yenye maua. Nikayala yote mawili. Kisha akaniambia, "Pole, fundi. Nimeiharibu kazi yako. Uliniambia mapema, nami nikang'ang'ana." Akanieleza kwamba ameomba kupelekwa ofisini Embu, kujaza fomu, na wamekubali. "Wenye mbuzi watapata mtu mrefu."

Hapo palikuwa na mlango ulio wazi kama lango la shule. Mimi nikamwambia, "Si makosa yako sana, Daktari."

Sana! Nimesoma Kiswahili cha ngumbaru na mwalimu mkali, nimejifunza vielezi vyote, na sijakutana na neno lililonitia aibu kama hilo. Nilimwondolea lawama kiasi, nikambakishia kiasi, kama ninayempunja mtu sukari.

Fundi Nyaga aliporudi aliikuta pikipiki imeletwa itengenezwe. Alifungua bomba za mbele peke yake, nikiwa nimejifanya nina kazi na mnyororo. Akazilaza springi kwenye gunia, moja inang'aa, moja imekatwa na makali yake yameungua. Alichukua spana akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki yangu, bila kuniuliza, akaifungua, akatoa pacha wa ile inayong'aa. Alirudi akaziweka mbili hizo pamoja mbele ya miguu yangu. "Sikufukuzi," akasema. "Utaenda Embu umwambie kwa mdomo huohuo." Nikasema ndiyo, mzee. Baada ya wiki mbili akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia. "Akasema nini?"

"Alicheka, mzee. Akasema yaliyopita yamepita."

Uso wake ukafunguka. "Huyo ni mtu mzuri," akasema, na tangu siku hiyo akanifundisha kazi yote aliyoijua, bila kuficha kitu. Gereji niliyo nayo leo, wanangu wanaosoma, vyote vimetoka hapo. Springi aliziweka zote mbili kwenye pikipiki ya Daktari, ikaenda wima kama mstari wa rula. Aliyepewa alikuwa bwana mrefu aliyelalamika kwamba magoti yanamgonga kidevu.

Ndiyo maana pale Kibugu, watu walipokuwa wakipiga makofi, sikuweza kuinua macho. Baada ya mazishi tulipangwa chini ya hema kula wali na viazi, nami nikauchukua mwili wangu mzito nikaupeleka hadi kwenye kiti cha Daktari Igoki. Nikachuchumaa. Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini, springi moja na nyingine, Makena, kuzunguka soko, na uongo niliomwambia marehemu. Aliacha kula. Aliutazama mkono wake kwanza, kisha miguu yake, ambayo hata kwenye kiti kile cha plastiki haikufika chini vizuri.

"Ilikuwa inavuta," akasema.

"Ilikuwa inavuta, Daktari."

"Kushoto."

"Kushoto. Hata yangu ilikuwa inavuta."

Akaisukuma sahani yake kando. Kisha akasema, "Siku ile hukuniambia sikioni. Uliniambia mbele ya watu. Simama."

Nikasimama. Nikaomba watu wanisikilize, na nyuso zikanigeukia zikiwa zimeshaanza kutabasamu. Nikasema kwamba niliiba springi ya mama huyu, kwamba pikipiki yake ilikuwa na kasoro niliyoitia mimi, kwamba nikamwambia ni makalio yake. Hema lote likaangua kicheko. "Huyu Mmeru!" mtu akapiga meza. "Endelea, endelea, makalio yakafanya nini?" Nikasema sifanyi mzaha. Wakacheka zaidi, mzee mmoja alijifuta machozi kwa kofia. Nikageuka kumtazama Daktari. Hakuwa anacheka.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Safari hii nikaondoa mikono hewani, nikaondoa zile sauti zangu, nikasema tu: niliiba, nilijua, nilidanganya, akavunjika mkono, akaacha kazi aliyoipenda. Kicheko kikapungua, kikabaki kwa wachache waliokaa mbali. "Rudia," akasema tena. Nilipomaliza mara ya tatu, vijiko vilikuwa vimetua. Daktari Igoki akateremka kwenye kiti chake, akaenda polepole kunawa mikono. Nikabaki nimesimama katikati ya hema, na hakuna aliyeniambia niketi.